Chuma cha Karagwe, Bati la Kyerwa na Umbo la Vyombo vya Nyumbani

Uamuzi kwamba chombo cha nyumbani kitarudi kuwa mali au kitakuwa taka hufanywa siku kinapochorwa. Hilo si suala la mafundi peke yao. Ni suala la nani anamiliki nyenzo za uzalishaji.

Ufalme wa Karagwe ulisifika kwa uhunzi. Stanley, alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa hazina ya mikuki na sanamu za wanyama zilizotengenezwa kwa madini. Lakini sisi twaliona jembe la mkulima kuwa ushahidi mzito kuliko hazina ya mfalme. Lilikuwa chuma kitupu kilichochomekwa kwenye mpini wa mti. Likichakaa, mpini ulichomolewa, chuma kikarudi motoni, kikawa kisu. Aliyelifua na aliyelilimia waliishi jamii moja, kwa hiyo umbo lake lilimtumikia anayetumia.

Ubepari ulivunja uhusiano huo. Tangu enzi za Waingereza bati limechimbwa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. (Tunasema bati lenyewe, siyo mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma.) Bati ndilo sehemu kubwa ya lehemu inayoshika vipuri vya redio. Zamani lilikuwa kama asilimia 60, na lililobaki ni risasi. Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo vya umeme, Julai 2006, lehemu iliyoenea ikawa na bati zaidi ya asilimia 95. Basi madini hutoka yakiwa mawe, hurudi yakiwa matone ndani ya plastiki, na huishia shimoni nyuma ya migomba.

Jokofu ni baya zaidi. Povu la kuzuia joto humiminwa kati ya bati la nje na plastiki ya ndani, likagandamana na vyote viwili. Mnunuzi wa chuma chakavu hukata mabomba apate shaba na kompresa, na gesi ikatoka hewani. Katika majokofu ya zamani ni ile ile inayoharibu ozoni, iliyowekewa mipaka na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Wapo wanaomlaumu mnunuzi huyo. Sisi tunamwuliza mchoraji.

Kipimo chetu ni fundi wa Kayanga mwenye bisibisi, nyundo na koleo: je, ataweza kutenga chuma, shaba na plastiki bila kuvunja wala kuchoma? Pasi ya mkaa inapita. Redio ya skrubu inapita nusu, maana sakiti yake inamshinda. Jokofu halipiti.