Mizani ya adhabu: Kutoka Tour de France hadi Maua

Majuzi nilikuwa nyumbani Maua. Jioni, tukiwa tumeketi nje ya boma la dada yangu, mwanawe alitujia akisukuma baiskeli. Kijana huyu amekuwa akipanda na kushuka vilima vya Nyambene kwa baiskeli tangu akiwa shule ya msingi, na sasa anajiandaa kwa mashindano Nairobi. Akaniuliza, "Mjomba, nikitafuna miraa halafu nipimwe, watanifungia?"

Wazee waliokuwapo waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Ati miraa! Tangu lini?" Mimi sikucheka. Nilimwahidi kijana jibu, na kwa kuwa jibu lenyewe ni refu, nimeona nilitoe hapa.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi ya safu hii. Vyombo vyetu vya habari huita dawa hizi pufya, au dawa za kututumua misuli. Ndugu zetu wa Tanzania na idhaa za nje husema dawa za kusisimua misuli. Pufya ni neno zuri, fupi, lisilodai zaidi ya linachojua. Hilo la misuli linapotosha. EPO, iliyowaangusha wanariadha wetu wengi, huongeza chembechembe nyekundu za damu ili mwili ubebe oksijeni zaidi, misuli haiitutumui. Salbutamoli hufungua njia za hewa za mgonjwa wa pumu. Dawa iliyomfanya bingwa wa marathoni Ruth Chepngetich afungiwe miaka 3 mwaka 2025 ni ya kuongeza mkojo, na imepigwa marufuku kwa sababu inaweza kuficha nyingine. Msomaji anayeambiwa kwamba wote hawa walitutumua misuli hupata picha moja tu kichwani, ya mlaghai mwenye sindano. Kesi huwa imekwisha kabla haijaanza.

Sasa historia. Mchezo uliotangulia kuumizwa hadharani na pufya ni huu huu wa baiskeli. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya dawa hizo mwaka 1965. Mwaka uliofuata, maafisa walipowapima waendeshaji wa Tour de France mjini Bordeaux, wenzao waligoma: kesho yake walishuka kwenye baiskeli wakatembea kwa miguu. Waliona wametusiwa. Kisha Julai 13, 1967, Mwingereza Tom Simpson, mwenye umri wa miaka 29, alianguka akipanda mlima Ventoux kwenye jua kali, akafa. Amfetamini ilipatikana mwilini mwake. Mwaka 1968 Olimpiki nazo zikaanza kupima, na wa kwanza kupokonywa medali kule Mexico alikuwa Mswidi aliyekunywa pombe. Alijitetea kwamba zilikuwa bia mbili tu.

Tazama basi jinsi mizani ya adhabu ilivyoyumba tangu hapo. Mwaka 1979 Joop Zoetemelk wa Uholanzi, aliyemaliza wa pili katika Tour, alipatikana na nandroloni. Adhabu yake? Aliongezewa dakika 10 kwenye muda wake. Akabaki wa pili vilevile, na mwaka uliofuata akashinda Tour nzima. Mwaka 2012 Mkenya Mathew Kisorio alipimwa katika mashindano ya kitaifa, naye akapatikana na dalili za dawa hiyo hiyo. Alifungiwa miaka 2. Tangu 2015, atakayepatikana nayo kwa mara ya kwanza huanzia miaka 4. Kwa mwanariadha ambaye kilele chake hudumu miaka 6 au 7, hiyo ni zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi. Dawa haikubadilika. Sisi ndio tuliobadilika, na pengine kwa haki, maana dakika 10 zilikuwa mzaha.

Sisemi haya kuwatetea walaghai. Kila anayedanganya humwibia mtu fulani. Mwaka 2019 Mhispania Juan José Cobo alipokonywa ushindi wa Vuelta ya 2011, ukapewa aliyekuwa wa pili. Miaka 8 ilikuwa imepita. Shangwe za Madrid hazikuweza kurudishwa, wala ile picha ya jukwaani. Aliyepewa ushindi huo ni mtu tunayemfahamu: Chris Froome.

Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alifundwa baiskeli Kikuyu na David Kinjah, akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, kisha mwaka 2008 akahamia bendera ya Uingereza. Alishinda Tour mara nne. Septemba 2017, akiwa katika Vuelta, mkojo wake ulionyesha nanogramu 2,000 za salbutamoli kwa mililita, mara mbili ya kiwango cha 1,000. Froome ana pumu, na dawa hiyo inaruhusiwa kwa kuvutwa hadi kipimo fulani. Kwa kuwa kanuni haziamuru anayepatikana nayo asimamishwe papo hapo, aliendelea kushindana, na Mei 2018 akashinda Giro ya Italia huku kesi ikiwa bado wazi. Mawakili na wanasayansi wake waliwasilisha hoja kuhusu ukolezi wa mkojo, mabadiliko ya mwili baada ya siku nyingi za mashindano, na udhaifu wa kipimo chenyewe. Wataalamu waliporekebisha namba hiyo kulingana na ukolezi wa mkojo ilishuka sana, ingawa ilibaki juu ya kiwango. Julai 2, 2018, shirikisho la baiskeli duniani, UCI, kwa ushauri wa WADA, lilifunga faili. Froome hakuwa na hatia.

Nakubali uamuzi huo. Lakini nikikumbuka Mwitaliano Diego Ulissi, kalamu yangu husita. Ulissi alipatikana na nanogramu 1,900 za dawa hiyo hiyo katika Giro ya 2014. Alifungiwa miezi 9. Namba mbili zinazokaribiana, hukumu mbili zilizopishana. Huenda ushahidi ulitofautiana. Kila kesi ina yake. Ila jambo moja li wazi: kanuni humtwika mwanamichezo mzigo wa kuthibitisha kwamba namba ile kubwa ilitokana na matumizi halali, na mzigo huo huubebi kwa mikono mitupu. Timu ya Froome ilikuwa miongoni mwa timu tajiri zaidi katika mchezo huo. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hawakuwa wakitoa sheria, walikuwa wakilalamika.

Turudi Maua, kwa jani letu. Ndani ya miraa mbichi mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huisha nguvu upesi baada ya kuchumwa na kugeuka kuwa kathini, iliyo hafifu zaidi. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo sababu magari yaibebayo hutoka Maua kwa mwendo ule unaotutia hofu barabarani. Kemikali zote mbili zimo katika orodha ya WADA ya vichangamshi vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Kathini ina kiwango: ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, ni kosa. Kathinoni haina kiwango, ikipatikana, imepatikana. Na "wakati wa mashindano", kwa kanuni zilizoanza 2021, huhesabiwa kuanzia saa sita kasoro dakika moja usiku wa mkesha. Mzee anayekutafunisha miraa jioni ile ili kukupa moyo anaweza kuwa anakuchimbia shimo bila kujua.

Jani hili lina bahati ya ajabu na majina. Kwetu ni miraa, zao linalotambuliwa na sheria na linalosomesha watoto wa Igembe. Ukivuka Namanga ni mirungi, na sheria ya Tanzania huiweka pamoja na dawa za kulevya. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na wakulima wetu wakaona bei ikianguka. Jani ni lile lile. Aliyelipa jina ndiye aliyelipa hukumu.

Hata katika orodha ya michezo, jina lina uzito. Kanuni za 2021 zilianzisha kundi la vitu vinavyotumiwa vibaya katika jamii, nje ya michezo. Vilipotajwa vilikuwa vinne: kokeini, heroini, MDMA na kiungo kikuu cha bangi. Mwanamichezo akithibitisha kwamba alitumia kimojawapo nje ya mashindano na pasipo nia ya kujiongezea nguvu, adhabu ni miezi 3, na huweza kupunguzwa hadi mwezi 1 akikubali matibabu. Kemikali za miraa hazikuwekwa humo. Kijana wa Maua aliyetafuna na babu yake jioni ya juzi, mabaki yakaonekana siku ya mbio, hana mlango huo. Kanuni huanza kuhesabu kutoka miaka 2, na ni juu yake kueleza jinsi ya kuipunguza. Walioandaa orodha waliifikiria kokeini ya karamu za mijini. Hawakuifikiria mitaa ya Maua, na nani angewaambia? Hilo ni jambo ambalo wizara yetu ya michezo na Shirika la Kukabiliana na Pufya nchini, ADAK, lililoundwa kwa sheria ya 2016, lingeweza kulipeleka mezani.

Kuna jambo la pili lililo mikononi mwetu, nalo ni lugha tena. Kiswahili kina ngazi zote za haki, ila tunaziruka. Sampuli hupatikana na kitu. Mwanamichezo husimamishwa kwa muda. Husikizwa. Ndipo hupatikana na hatia, au huondolewa lawama. Ndipo hupigwa marufuku, na ana nafasi ya kukata rufaa. "Kupatikana na dawa" na "kupatikana na hatia" huanza kwa kitenzi kimoja, na mwandishi mwenye haraka huviunganisha. Mwanariadha wa Kenya husimamishwa Jumatatu. Kufikia Jumanne jirani wanajua kwamba ni mwizi. Baadaye akiondolewa lawama, habari hiyo hukaa ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la ploti.

Tena barua ya mashtaka humfikia kwa Kiingereza cha mawakili. Wengi wa wanaoipokea hawana wakili, meneja yuko ng'ambo, na kocha keshakana kwamba anawafahamu. Wazee wa Njuri Ncheke hutoza faini, lakini hawamtozi mtu kwa lugha asiyoielewa. Ikiwa tunataka adhabu kali, na mimi naitaka kwa mlaghai, basi ukali huo ulipiwe gharama yake: mkalimani na wakili kwa asiyeweza kumlipa, na mtaalamu wa kuisoma namba kwa niaba yake. Bila hayo, tunapima mifuko ya watu pamoja na mikojo yao.

Sasa jibu lako, mpwa wangu. Ukiwa mazoezini, kanuni za michezo hazikukatazi miraa. Mama yako anaweza kukukataza, na hiyo ni mahakama nyingine. Yanapokaribia mashindano, iache siku kadhaa kabla, usisubiri mkesha, maana kwa kathinoni hakuna kiasi kidogo kinachosameheka. Ukiugua, mwambie daktari kwamba unashindana, na uandike jina la kila dawa utakayopewa. Siku barua ikija, usitie sahihi usichokielewa, na usimkimbie mpimaji hata siku moja. Ukimaliza kusoma haya, msomee na yule mzee aliyecheka. Mwambie jibu la swali lake ni hili: tangu walipoiandika kwenye orodha, na hakuna aliyekuja kutuuliza.