Muanda: Miaka 140 ya karatasi zinazoamua nani ajenge kando ya maji

Anayesafiri kutoka Boma kuelekea magharibi hufika mahali ambapo Kongo inaishia. Hapo ni Muanda, jimbo la Kongo Central. Nchi hii ni kubwa, lakini pwani yake ya bahari haizidi kilomita 40 hivi, kati ya Cabinda upande wa kaskazini na mdomo wa mto Kongo upande wa kusini. Kwenye kipande hicho kidogo wamebanana wavuvi, visima vya mafuta, kambi ya jeshi la majini, bandari mpya ya Banana, kasa wanaopanda mchangani kutaga mayai, na msitu unaosimama ndani ya maji ya chumvi.

Msitu huo ni wa mikoko. Wakaaji wengi wa mashariki hawajauona kwa macho, na neno lenyewe limetufikia kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, ambako watu wamejengea nyumba kwa miti hiyo tangu zamani. Mkoko huota kwenye matope, mizizi yake ikiwa juu ya maji kama vidole vilivyokunjwa. Kati ya mizizi hiyo samaki wadogo hukua kabla ya kwenda mtoni na baharini. Nguva hupita humo. Na mizizi ndiyo inayoshika udongo mawimbi yasiubebe.

Kwa hiyo nani ana ruhusa ya kujenga, kukata au kuchimba mahali kama hapo, na ruhusa hiyo inatoka kwa nani? Swali hilo lina umri wa miaka 140. Haliwahusu watu wa Muanda peke yao. Sheria zinazolinda mikoko ndizo zinazolinda pia Hifadhi ya Virunga, na familia zilizokimbia Rutshuru na Nyiragongo zinajua uzito wa kuishi kwenye mpaka wa hifadhi bila karatasi mkononi.

Karatasi ya kwanza: 1885

Banana ilikuwa kituo cha biashara cha Wazungu kabla nchi yenyewe haijapewa mipaka. Ni hapo Stanley alipofika mwezi wa nane 1879 kuanza safari ya kupanda mto kwa kazi ya mfalme Léopold wa Pili. Mkutano wa Berlin ulipomalizika mwaka 1885, Léopold alipata nchi kubwa yenye mlango mwembamba wa bahari.

Tarehe 1 Julai 1885, msimamizi mkuu wa dola hiyo mpya, Francis de Winton, alitoa amri fupi. Ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na kwamba hakuna ruhusa ya kukalia ardhi bila hati. Maneno ni machache, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Kwa macho ya ofisi, bwawa ambamo mtu anatega samaki, kisiwa ambacho wavuvi hulala kwa msimu, au pori linaloachwa lipumzike, vyote vilionekana havina mwenyewe. Kwa Wasolongo na Wawoyo wa mdomo wa mto, kila mkono wa maji ulikuwa na jina na ukoo wake.

Ndipo ulipozaliwa mgogoro ambao haujaisha mpaka leo: aliyefika kwanza ana desturi, aliyefika baadaye ana hati.

Ardhi ni ya serikali: 1973

Uhuru haukubadili msingi huo, ila ulibadili mwenye muhuri. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo bado ndiyo sheria mama ya ardhi nchini, inasema katika kipengele cha 53 kwamba ardhi ni mali ya serikali peke yake, na haiwezi kuuzwa. Raia hapati ardhi yenyewe, anapata haki ya kuitumia. Na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za viwanja.

Je, ardhi ya kimila? Sheria hiyo hiyo, kipengele cha 387, inaiweka nayo chini ya serikali. Kipengele cha 389 kinaongeza kwamba haki za wenyeji zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo haijatoka kamwe. Zaidi ya nusu karne imepita. Ndiyo maana mpaka leo, Muanda kama Masisi, mtu hulipa kwa mkuu wa kimila, akapewa kipande cha karatasi chenye sahihi, akajenga, akazaa, akazika, na siku moja akaambiwa na ofisi kwamba mahali pale hajawahi kupewa.

Wakati huo huo Muanda ilikuwa inabadilika. Mafuta yalianza kutolewa baharini mwaka 1975, halafu yakachimbwa nchi kavu pia. Palipo na kazi watu hufika, na wakifika wanahitaji viwanja, kuni na makaa. Mkoko ni mti mgumu wenye makaa mazuri, na ni kuni nzuri ya kukausha samaki. Msitu ukaanza kuliwa kutoka pembeni.

Mstari kwenye ramani: 1992 na 1996

Tarehe 2 Mei 1992, waziri mwenye mazingira alitia sahihi amri iliyounda Hifadhi ya Bahari ya Mikoko. Eneo lake ni kilomita za mraba 768. Ndani yake kuna ngazi mbili. Sehemu ya mikoko yenyewe ina ulinzi kamili: hakuna kukata, hakuna kujenga. Sehemu ya pili, ya ukanda wa pwani na mbuga, ina ulinzi wa nusu: baadhi ya kazi za watu zinakubaliwa, kwa masharti. Usimamizi ulikabidhiwa taasisi ya serikali ya hifadhi za asili, ile ICCN inayosimamia pia Virunga na Kahuzi-Biega.

Miaka minne baadaye, mwaka 1996, Zaïre iliingia katika mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi zenye maji, uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Kila nchi inayojiunga hutaja walau eneo moja. Zaïre ilitaja mawili ya kuanzia: mikoko ya Muanda, hekta 66,000, na Virunga, hekta 800,000. Mwanzo na mwisho wa nchi, bahari na Ziwa Edouard, viliandikwa pamoja katika kitabu kimoja.

Wengi mashariki huifikiria Virunga kama mlima na sokwe tu. Lakini Virunga ni maji pia: Ziwa Edouard, mto Semliki, mto Rutshuru na mabwawa ya viboko. Na huko pia kuna sheria ya nani ajenge kando ya maji. Vijiji vitatu vya wavuvi ndivyo vinavyotambuliwa kwenye ziwa hilo ndani ya hifadhi: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vingine vilivyoota baadaye huitwa vya haramu, hata kama watoto waliozaliwa humo sasa ni watu wazima.

Sheria ilipofunga mlango na kuacha dirisha

Kwa miaka mingi mstari wa 1992 ulikuwa na amri ya waziri tu nyuma yake. Sheria kubwa zilikuja baadaye. Ile ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira ilileta masharti mawili. La kwanza: kila mradi unaoweza kudhuru mazingira lazima utanguliwe na utafiti wa madhara yake kwa mazingira na kwa watu. La pili: lazima ufanyike uchunguzi wa umma, yaani wakaaji waelezwe mradi na waseme maoni yao kabla ya uamuzi. Mwaka 2014 likaundwa shirika la serikali la kupima tafiti hizo, linaloitwa Agence Congolaise de l'Environnement.

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa asili ilikataza kazi zisizopatana na hifadhi, ikataja pia ukanda wa kinga unaozunguka hifadhi, ambamo shughuli za watu zinawekewa mipaka. Ndipo swali la kujenga kando ya hifadhi linapoingia: si ndani tu, hata jirani yake.

Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa nane 2015, ikatoka sheria ya mafuta na gesi. Inakataza uchimbaji ndani ya hifadhi, halafu inaacha dirisha: kwa faida ya umma, serikali inaweza kuondoa sehemu ya hifadhi katika ulinzi. Dirisha hilo ni refu mno kwa mvuvi mwenye mtumbwi. Anayelifikia ni mwenye mradi mkubwa.

Bandari na vitalu

Tarehe 31 Januari 2022, Rais Félix Tshisekedi aliweka jiwe la msingi la bandari ya maji marefu ya Banana, inayojengwa na kampuni DP World ya Dubai. Awamu ya kwanza ina gati la mita 600, na kina cha maji cha mita 18. Sababu yake inaeleweka. Bandari ya Matadi iko ndani ya mto, meli kubwa haziwezi kufika, na mizigo ya Kongo hupitia bandari za nchi jirani. Hata bei ya bidhaa Kinshasa inategemea jambo hilo. Lakini Banana iko mlangoni mwa mikoko. Bandari haiji peke yake: huja na barabara, maghala, nyumba za wafanyakazi, na watu wanaotafuta kazi. Kila kimoja kinahitaji ruhusa, na kila ruhusa inagusa mstari wa 1992.

Julai ya mwaka huo huo, Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 30, yaani 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Ziwa Kivu. Baadhi ya vitalu vya mafuta viliingia ndani ya maeneo ya hifadhi, ikiwemo Virunga. Watu wa mazingira walipinga, wengine wakasema nchi maskini ina haki ya kutumia mali yake. Oktoba 2024 wizara ilifuta mnada wa vitalu vya mafuta. Kwa Virunga haikuwa mara ya kwanza: kampuni SOCO ya Uingereza ilipata kibali cha kutafuta mafuta humo mwaka 2010, ikaahidi kusimama mwaka 2014.

Ulinzi unamlinda nani?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hifadhi ni adui wa maskini. Muanda yenyewe inakataa jibu hilo. Ukingo wa bahari pale unabomoka, na bahari inazidi kusogea kwenye makazi ya watu. Pwani iliyoachwa wazi haina cha kuvunja nguvu ya maji. Aliye na pesa atahamia juu. Aliyejenga kwa mabati na mbao ukingoni ndiye atakayelala nje. Kukataza ujenzi karibu na maji, kama kunafanywa kwa haki, kunamwokoa yeye kwanza.

Ingekuwa rahisi pia kusema kwamba watu ndio waharibifu. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa Mugunga, Kibumba na Katale, kando ya Virunga. Walihitaji kupika, na kuni zilikuwa hifadhini. Desemba ya mwaka huo Virunga ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Aliyekata mti alionekana na kila mtu. Aliyechagua mahali pa kambi hakuonekana. Familia zilizopitia Kanyaruchinya na Bulengo miaka ya karibuni zinaielewa habari hiyo bila kuelezwa.

Historia ya miaka 140 inaonyesha jambo moja. Kutoka amri ya 1885 hadi mnada wa 2022, mstari umekuwa ukichorwa mbali, na aliye kwenye mstari amekuwa akijua mwisho, siku anapoona kigingi cha saruji mbele ya mlango wake. Kilicho kipya ni kwamba tangu 2011 sheria inampa nafasi ya kujua mapema. Nafasi isiyotumika hufa kama njia isiyopitwa.

Kwa hiyo, mradi unapotangazwa kando ya maji au hifadhi, iwe Muanda, iwe Ziwa Edouard, kuna mambo matatu ambayo mkaaji, mkuu wa mtaa au shirika la raia wana haki ya kuuliza. Ramani ya mpaka iko wapi, na nani ameiona? Uchunguzi wa umma ulifanyika lini, na kwa lugha gani? Na kama watu watahamishwa, fidia italipwa lini? Katiba, kipengele cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na inataka fidia ya haki itangulie kabla mtu hajanyang'anywa mali yake kwa faida ya umma.

Neno ni hilo: itangulie. Mikoko haiwezi kuhama, na mtu aliyekwisha kuhama mara tatu au nne anajua kwamba fidia inayokuja nyuma mara nyingi haimkuti.