Kuhamisha Faili na Kupata Nafasi: Nyaraka za Nairobi Kutoka Kabati Hadi Kompyuta

Kuondoa nakala za zamani baada ya kuzihamisha, ili kupata nafasi, ni kazi ambayo ofisi za Nairobi zimeifanya tangu enzi za karatasi. Ina hatua tatu: kuhamisha, kuhakiki, kisha kufuta. Historia ya jiji hili inaonyesha umuhimu wa kujua kinachofutwa.

Mwezi Mei 1961, uhuru ukikaribia, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali yake zisiachiwe watawala wapya. Faili za Nairobi zikagawanywa: zile za kurithiwa, na zile zilizopigwa muhuri wa herufi W, ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuzishika. Maagizo yalikuwa makali. Karatasi zichomwe, na jivu lenyewe livurugwe. Pasipowezekana kuchoma, zitiwe katika masanduku yenye uzito na kutoswa kwenye kina kirefu cha bahari. Takriban faili 1,500 zilisafirishwa hadi Uingereza. Zilijulikana hadharani mwaka 2011, wazee wa vuguvugu la Mau Mau lililopinga ukoloni walipokuwa wakidai fidia mahakamani London, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Faili zilizochomwa hazikuweza kumtetea mtu yeyote.

Kenya huru ilitunga sheria ya nyaraka za umma mwaka 1965. Iliunda Idara ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo leo iko Moi Avenue katika jengo lililokuwa benki, na ikafanya kuharibu rekodi za umma bila idhini kuwa kosa. Miaka ya 1960 ripoti za mikoa na wilaya zilipigwa picha kwenye filamu ndogo, na nakala zikawekwa pia katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Nakala moja ikipotea, nyingine ipo.

Kompyuta zilileta uhamisho mwingine. Mwaka 2021 mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulizinduliwa, ukianzia na rekodi za ardhi za Nairobi. Katika ofisi za Upper Hill, Westlands na Ngong Road, diski ya mashine kuukuu huhitaji kusafishwa inapoletwa mpya.

Utaratibu ni uleule. Faili zikishanakiliwa, idadi na ukubwa wake hulinganishwa, kadhaa hufunguliwa kwenye mashine mpya, na nakala ya pili huwekwa kwingine. Hapo ndipo za zamani hufutwa na pipa la taka kumwagwa. Hata hivyo, kwenye diski za kawaida za sumaku, kufuta huondoa jina la faili katika orodha tu; yaliyomo hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Kwa hiyo mashine inayouzwa au kutolewa msaada husafishwa diski nzima, hasa ikiwa ilibeba taarifa za watu, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zilindwe na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika.