Mdomo Uliokwenda Upande

Sokoni Kasanda dagaa wa Kigoma hupimwa kwa kopo. Nilimuuliza mama muuzaji wamefikaje huku milimani, akacheka: "Si kwa gari, mwanangu, kama wewe?" Basi nikaamua kuifuata njia yao kinyumenyume: Kibondo, Kasulu, hadi mwalo wa Kibirizi.

Zamani huku kulipitwa kwa miguu. Chumvi ya Uvinza ilipanda Buha vichwani mwa watu, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba. Stanley, akielekea Ujiji mwaka 1871, alitozwa hongo na watemi wa Buha hadi akaamua kutoroka usiku. Lakini ninayemfuata mimi ni mwingine: J. E. S. Moore, mwanabaiolojia Mwingereza, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1896 akiamini ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Alikosea. Samaki aliowabeba, hata hivyo, walifika London salama, na mwaka 1898 mtaalamu wa samaki Boulenger akampa mmoja wao jina: Perissodus microlepis.

Samaki huyu hula magamba ya wenzake. Huwanyemelea kwa nyuma, akanyofoa ubavuni, akakimbia. Mdomo wake umekwenda upande: wengine kulia, wengine kushoto. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alieleza kwamba wenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto, na wenzao ubavu wa pili. Kundi moja likizidi, wanaoliwa hulinda ubavu unaoshambuliwa na kundi hilo, na wezi walio wengi hulala njaa. Ndiyo maana makundi hayo hayaendi mbali na nusu kwa nusu. Hori alidhani jeni moja ndiyo inayoamua. Waliomfuata wameonyesha kuwa mazoea ya kula nayo huzidisha kupinda huko.

Ila kabla taya halijapinda, sharti lirefuke. Ndani ya kiinitete huanza kama gegedu, seli zake zimelundikana ovyo kama mizigo iliyotuliwa kambini. Kisha zinapenyana, zinabanana, mwisho zinasimama mstari mmoja, kila seli ikiwa imetambua upande wake. Nikawakumbuka wabeba chumvi. Seli hujipanga hivyo kwa kufuata ishara, na watafiti waliharibu jeni za ishara hiyo kwa samaki wadogo wa maabara. Mistari haikujipanga, na gegedu la taya likatoka fupi, nene. Kwa binadamu, Meinhard Robinow alieleza mwaka 1969 familia yenye mikono mifupi kuanzia kiwiko hadi kifundo. Baadaye hitilafu ikaonekana katika jeni ROR2 na WNT5A, zinazobeba ishara ya namna hiyohiyo.

Kibirizi nilifika jua likiwaka. Kijana aliyekuwa akianika dagaa alichomoa kisamaki kimoja kisicho dagaa.

"Huyu, mzee, hana bei."

Nilimshika mkiani, nikamtazama kwa juu. Mdomo ulikuwa umeelekea kushoto.