Si Usawa, ni Ukadiri

“Mjomba, sisi wanne na wao wanne. Si ndiyo usawa huo? Sasa mbona tunakufa?”

Aliyeuliza ni mpwa wangu, na alipouliza mhusika wake alikuwa amelala kifudifudi kwenye njia ya msituni. Tulikuwa tumeanza Lost Mine of Phandelver, kisa kilichomo katika sanduku la wanaoanza la Dungeons & Dragons la mwaka 2014. Waliokicheza wanaikumbuka njia ile: farasi wawili wamekufa barabarani, mishale ya manyoya meusi imewachoma, na vibwengo wanne wamejibanza vichakani. (Nawaita vibwengo. Lugha iliyo na kibwengo haina haja ya kuazima goblini.) Mchezaji wetu wa tano alikuwa na homa, hakuja. Nikaendesha pambano kama lilivyo kitabuni. Upinde ukalia, dadu ikatoa sita, ongeza mbili, nane. Mtu wa mazingaombwe wa daraja la kwanza mwenye alama saba za uhai hana pa kukimbilia hapo.

Swali lile lilinichoma kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimepokea orodha ya istilahi za michezo ya mezani, na ndani yake kazi hii ya kulipima pambano, lisiwe jepesi likachosha wala zito likawamaliza wachezaji, imepewa jina la “usawa wa mapambano.” Waliotunga orodha ni watu ninaowaheshimu kwa elimu yao. Jina lenyewe siwezi kuliheshimu. Niliwaandikia barua ya kurasa tatu, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba istilahi hiyo imeshapitishwa. Kupitishwa hakulifanyi neno liwe sahihi, na mtoto aliyelichukua kwa maana yake ya kila siku ndiye aliyelifichua kosa lake.

Usawa ni nini kwa Mswahili? Ni usawa wa haki, ni usawa wa jinsia, ni usawa wa bahari. Ni pande mbili zisizopitana. Tukilichukua neno hilo kwa uaminifu mpaka mezani, pambano la usawa ni lile ambalo kila upande una nusu ya nafasi ya kushinda. Nani atacheza kisa cha mapambano sita kwa masharti hayo? Atakayeufikia mlango wa mwisho atakuwa mmoja kati ya makundi 64. Watungaji wa michezo yenyewe wanalijua hili vizuri. Katika toleo la pili la Pathfinder, la mwaka 2019, mapambano yamepangwa kwa bajeti ya alama: kwa wachezaji wanne, pambano la wastani ni alama 80, kali ni 120, na la kupindukia ni 160. Dubwana wa daraja lile lile la wachezaji anahesabiwa alama 40. Wanne kwa wanne, basi, ni 160. Yaani pale pande mbili zinapolingana kabisa, kitabu kinamwonya mwendeshaji kwamba amefika kwenye hatari ya juu kuliko zote. Kile wanachokiita usawa ndicho kinachopaswa kuepukwa, isipokuwa siku ya mwisho ya kisa, na hata siku hiyo kwa tahadhari.

Neno ninalolitetea ni ukadiri. Ukadiri wa mapambano.

Mzizi wake ni wa herufi tatu za Kiarabu, kafu nzito, dali na re, na sijui mzizi mwingine uliozaa sana kwetu katika uwanja huu. Umetupa kadiri, yaani kiasi. Umetupa kudura, yaani uwezo, tunaposema kwa kudura ya Mwenyezi Mungu. Umetupa kadari na kadara, yale aliyoandikiwa mtu, pamoja na takdiri ya wanazuoni. Umetupa makadirio, ambayo Mtanzania huyasikia kila mwaka Bungeni yakifuatwa na mapato na matumizi. Umetupa ukadirifu, tabia ya mtu mwenye kiasi. Kila Ramadhani waumini wanautafuta usiku wa Lailatul-Qadri, nao wafasiri wa Qurani kwa karne nyingi wameeleza kuwa neno hilo limebeba cheo na kipimo na hukumu kwa pamoja. Sasa tazama meza ya mchezo. Kuna kipimo anachokiweka mwendeshaji. Kuna uwezo wa wachezaji, uhai wao, silaha zao, mazingaombwe waliyobakiza. Kuna dadu ya pande 20, ambayo ikishatupwa hairudi. Kiasi, kudura na kadari, vyote vitatu vimekaa ndani ya mzizi mmoja, na vyote vitatu ndivyo vinavyoamua kama jioni itakuwa tamu. “Usawa” unabeba nini kati ya hivyo?

Nimeambiwa kwamba ukadiri si neno, kwamba lililopo ni ukadiriaji. Hoja hii ni dhaifu, nami nashangaa imetoka kwa wanaisimu. Safiri imezaa usafiri. Bashiri imezaa ubashiri. Hakiki imezaa uhakiki. Tafiti imezaa utafiti. Kadiri inakatazwa na nani? Ukadiriaji ni tendo la mwenye kukadiria, na wathamini wa nyumba wanalitumia kila siku, waachiwe lao. Ukadiri ni ile hali inayobaki ndani ya pambano lenyewe baada ya kukadiriwa.

Wengine wamependekeza urari. Hilo nililiwazia muda mrefu, maana kila aliyesoma ushairi wa Kiswahili shuleni amekutana na urari wa vina na mizani. Lakini sifa ya urari pale ni kwamba mshororo hauzidi wala haupungui, beti baada ya beti. Na katika vitabu vya hesabu, urari ukiwa na tofauti ya shilingi moja, mhasibu halali. Kisa chenye mapambano ya urari wa namna hiyo kinachosha kufikia la tatu. Wachezaji wanataka siku moja wapite kama upepo, siku nyingine warudi wakichechemea. Toleo la Dungeons & Dragons la 2014 lenyewe lilipima kwa siku nzima ya safari: mapambano sita hadi manane ya wastani na magumu kabla ya mapumziko marefu. Kipimo ni cha jumla, si cha kila mshororo.

Lipo na kundi linalosema “changamoto” inatosha. Miaka ya nyuma ingetosha. Leo neno hilo limegeuzwa jina la heshima la tatizo: maji yakikatika ni changamoto, mshahara ukichelewa ni changamoto. Ukimwambia mchezaji kwamba dubwana huyu ana kiwango cha changamoto cha tatu, anasikia kwamba dubwana ana matatizo matatu. Kipimo kile kilichoingia mchezoni na toleo la tatu mwaka 2000 nakiita makali. Maana yake ya asili ilikuwa ya kiasi: dubwana mmoja mwenye makali sawa na daraja la kundi la wanne angewagharimu takriban asilimia 20 ya walivyonavyo. Walivyonavyo, si maisha yao. Wazo la mwanzo kabisa lilikuwa la gharama na akiba, na gharama hukadiriwa, haisawazishwi.

Kwa matumizi, basi: mwendeshaji anakadiria pambano, pambano zuri limekadirika, likizidi, limepita kadiri, likipungua, limepwaya. Kibwengo ana makali robo, joka jekundu kongwe lina makali 24.

Na kuhusu vibwengo wale wanne. Kwa jedwali la 2014 kila mmoja ana alama 50, jumla 200, na kwa kuwa ni zaidi ya wawili na hawafiki saba, jumla inazidishwa mara mbili: 400. Kwa wachezaji watano wa daraja la kwanza, kiwango cha mauti huanzia 500, hivyo pambano ni gumu tu. Kwa wanne huanzia 400 kamili. Homa ya mtoto mmoja ilitosha kulivusha pambano mpaka kwenye mauti, nami sikupiga hesabu.

Jumapili iliyofuata mgonjwa alikuwa bado kitandani. Tulirudi kwenye farasi wale wale, mishale ile ile. Nilikuwa nimemwondoa kibwengo mmoja: 150 mara mbili, 300, gumu kwa wanne. Mpwa wangu alishika dadu, hakuitupa, akanitazama.

“Mjomba, hili umelikadiria?”

“Nimelikadiria.”

Akatupa.