Usaha uliojificha begani: jinsi ya kuutambua mapema

Jipu la juu ya ngozi kila mama analijua: linavimba, linapata moto, linaiva, linapasuka. Lakini kuna jipu lingine linaloota ndani: katika misuli ya bega, chini ya bapa la bega, ndani ya kwapa, au katika kiungo chenyewe. Hilo haliivi mbele ya macho yetu. Mtu anaweza kuumwa majuma mawili na ngozi yake ikabaki safi. Tukisubiri liive, tunaweza kupoteza mkono, hata uhai.

Linatoka wapi?

Mara nyingi chanzo ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Anaingia kwa kidonda kidogo, upele uliokunwa, au sindano isiyo safi iliyochomwa begani. Kisha damu inaweza kumpeleka hadi kwenye msuli, hasa ulioumia kwa kuanguka au kubeba mizigo mizito. Kwa watoto, usaha huweza kuanzia katika mfupa wa juu wa mkono na kuingia kwenye kiungo. Walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa sukari, wenye virusi vya Ukimwi, wenye utapiamlo, na watoto wenye ugonjwa wa damu tunaouita SS. Kwa hao wa SS, bakteria wa salmonela pia huweza kuleta usaha katika mfupa.

Dalili

Mwanzoni kuna maumivu na homa kidogo. Msuli unakuwa mgumu kama ubao, na ukibonyeza husikii maji ndani. Baada ya siku kumi hivi homa inapanda, bega linavimba, na mgonjwa hataki mtu aguse mkono wake. Mtoto mchanga huacha tu kuchezesha mkono mmoja, na hulia anapovalishwa nguo. Kama usaha uko chini ya bapa la bega, uvimbe hauonekani kwa mbele. Mwangalie mgonjwa kwa mgongo, ukilinganisha mabega yote mawili.

Makosa yanayochelewesha

La kwanza ni kusema «ameteguka», kisha kumpeleka kukandwa. Kuteguka peke yake hakuleti homa kali, na kukanda kunaweza kusambaza usaha. La pili ni kuishia kwenye malaria. Kipimo kinaweza kuonyesha malaria kweli, na jipu likawapo vilevile. Homa ikiendelea baada ya dawa ya malaria, bega lipimwe upya. La tatu ni kuchanja kwa wembe: kwapani hupita mshipa mkubwa wa damu na neva za mkono mzima.

Daktari anavyothibitisha

Kipimo cha damu huonyesha kama chembe nyeupe zimeongezeka, lakini hakionyeshi usaha uko wapi. Ekografi ndiyo inayotusaidia zaidi huku kwetu: haina maumivu, na huonyesha maji ndani ya msuli au kiungo. Picha ya radiografi ya mfupa inaweza kuonekana nzuri kabisa katika siku kumi za kwanza hata kama mfupa umeshambuliwa. Basi picha nzuri isitutulize mapema.

Uthibitisho wenyewe ni sindano: daktari anavuta kile kilichomo na kukipeleka maabara, ili bakteria ajulikane na dawa inayomfaa ichaguliwe. Inafaa kuvuta kabla ya kuanza antibiotiki, isipokuwa mgonjwa amezidiwa. Hapo dawa isingoje. Daktari atafikiria pia kifua kikuu, ambacho huweza kuleta jipu lisilo na moto na linalokua polepole, na uvimbe wa saratani.

Usaha ukishajikusanya, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Ni lazima utolewe, kisha dawa ziendelee kwa majuma kadhaa. Ukiwa ndani ya kiungo, siku chache tu zinatosha kuharibu gegedu, na bega linaweza kukakamaa kwa maisha yote.

Tufanye nini?

Homa pamoja na bega lisiloweza kuinuka: twende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tumwambie muuguzi kama kulikuwa na sindano, kidonda au kuanguka, na tuulize: «Je, kunaweza kuwa na usaha ndani? Ekografi inapatikana wapi?» Akipumua haraka, akichanganyikiwa, au mkojo ukipungua, apelekwe hospitali kuu mara moja, hata usiku.

Tunaotembelea wagonjwa tuombe pamoja nao, na tuulize pia kama wamepimwa. Mara nyingi kinachomzuia mama ni nauli na gharama ya ekografi. Mashemasi wakilijua hilo siku ya kwanza, mfuko wa kanisa unaweza kusaidia mapema, wakati bega bado linaweza kupona.