Maghani ya Vita na Sauti ya Kwaya

Askari huimba pamoja ili hatua zao zilingane. Shujaa wa Ankole ya kale hakufanya hivyo. Alisimama peke yake akaghani ebyevugo, yaani sifa zake mwenyewe, kwa kasi, akitaja vita alivyopigana na adui aliowashinda. H. F. Morris aliyachapisha maghani hayo mwaka 1964.

Mtungaji anayetaka kuyatilia muziki kwa ajili ya kwaya ya wananchi wa Kaberebere ana jambo zito la kupima. Mwishoni mwa karne ya 19 majeshi ya Mfalme Rwabugiri wa Rwanda yaliivamia Ankole. Leo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, jirani na mji huo, wanaishi Wanyarwanda, Wakongo, Warundi na Wasomali. Majigambo ya mtu mmoja, yakiimbwa na sauti mia, huweza kugeuka tishio kwa jirani.

Njia ipo. Wahima walighani pia sifa za ng'ombe, na Wanyarwanda vivyo hivyo. Humo husifiwa mnyama. Kwaya ianzie hapo. Mlinda usalama anajua kwamba amani hulindwa pia kwa maneno yanayochaguliwa vyema.